Mbuzi Aliyekataa Kulia

Mgwalana,
Cacadu.
Jumapili, 15 Oktoba 2017

Mpendwa mdogo wangu Mncedisi,

Hujambo? Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe, wifi yangu Bongeka na watoto. Nakusalimu kwanza kwa sababu ndivyo mama alivyotulea, kwamba hata ukiwa na donge kooni unamjulia hali ndugu yako kabla ya kufika kwenye mengine. Basi nimekwisha kukujulia hali. Sisi huku hatujambo. Macho ya mama yanaona vizuri tangu ule upasuaji, ila miguu inamsumbua asubuhi. Mvua imewahi mwaka huu na malisho yameanza kuchipua.

Anayekuletea barua hii ni Mama Nosakhele, jirani yetu wa upande wa kisimani. Anakuja huko Cape Town kumwona binti yake aliyejifungua. Nimemwomba akupe mkononi mwako wewe mwenyewe, asimwachie Bongeka, asiiache getini, na asikubali chai yenu mpaka aone umeifungua. Simu zangu hupokei. Ujumbe wangu unausoma, naziona alama zikigeuka buluu, halafu kimya. Karatasi haina mahali pa kubonyeza ukaninyamazisha.

Nina hasira nawe. Nalisema mapema ili usisome ukidhani mbele huko nitakuomba kitu. Nilitaka hasira ipoe kwanza ndipo niandike, lakini kila siku inaamka kabla yangu, kwa hiyo leo tumekaa mezani pamoja, mimi na yeye, tunakuandikia.

Nianze na Zamuxolo, kwa kuwa hukuuliza habari zake. Mdogo wetu ametoka gerezani mwishoni mwa mwezi uliopita kwa parole. Amebakiza sehemu ya kifungo na anaimalizia hapa nyumbani chini ya macho ya serikali. Saa kumi na mbili jioni awe ndani. Asivuke mpaka wa wilaya. Pombe asiguse. Kila Jumanne aonane na afisa wake, Bi Ndarala, mwanamke mfupi asiyepoteza tabasamu kwa mtu yeyote. Na juu ya hayo yote awe na nyumba inayojulikana, yenye watu wanaokiri kwamba huyu ni wao. Akikosa nyumba anarudishwa ndani. Lakini hilo unalijua, maana Bi Ndarala alikupigia simu wewe kwanza, mwana wa kiume mkubwa wa marehemu baba, na wewe ukamjibu kwamba huyo mtu hana kwao Mgwalana.

Hana kwao. Mtu ambaye kitovu chake kimezikwa hapa nyuma ya zizi, na shimo alilichimba baba wewe ukiwa umeshika taa. Bi Ndarala alikuja kuniambia jibu lako akiwa amesimama mlangoni, na mama alikuwa nyuma yangu na sahani mkononi, akisikia kila neno. Nilimwambia afisa afute alichoandika. Nikamwambia mimi ndiye mzaliwa wa kwanza, nimerudi kwa baba yangu tangu mume wangu afariki, sufuria za nyumba hii nazisugua mimi, na Zamuxolo analala hapa. Akasema sawa, ila neno langu peke yake halitoshi. Angerudi Jumanne ya tarehe kumi kumsikiliza jumbe na majirani. Kama kijiji hakimtaki, angeondoka naye siku hiyohiyo.

Na kijiji kingemtakaje? Huku mtu akikuibia simu utamtukana, utanunua nyingine. Akikuibia kondoo amekuibia ada za watoto, blanketi, na mazishi yako mwenyewe. Tena Zamuxolo hakumwibia mtu wa mbali. Aliingia na wenzake katika zizi la mzee Dyantyi, mwenyekiti wa banda la kukatia manyoya, mtu aliyemfundisha kushika mkasi akiwa bado hajaota ndevu. Unakumbuka alivyokuwa. Alimnyoa kondoo sufu ikatoka nzima kama blanketi, bila tone la damu, na wanaume wakaacha kazi zao kumtazama. Mkono huohuo ndio uliofungua komeo la Dyantyi.

Sisemi mdogo wetu si mwizi. Ni mwizi, na siku aliyorudi nilimwambia hivyo usoni kabla sijampakulia chakula. Akasema, "Najua, dada," akala kande yake akiwa amelikinga bakuli kwa mkono, kana kwamba mama angemnyang'anya. Asubuhi namkuta amesimama kando ya kitanda, ameshakunja mablanketi, anasubiri kuhesabiwa. Mama akaanza kwenda kumhesabu. Anapita dirishani, anasema, "Mmoja, nimekuona," ndipo Zamuxolo anatoka kunawa uso.

Tulimlaza chumba cha nje, karibu na bustani ya mboga, kwa sababu alikuwa hajasimamishwa langoni. Hili halihitaji nikueleze, ulifanyiwa wewe mwenyewe ulipotoka hospitali baada ya ile ajali. Mtu aliyetoka pabaya hapiti mbele ya zizi, hagusi mnyama, na anakula kwenye chombo chake peke yake mpaka mkubwa wa nyumba asimame naye langoni, amtaje kwa waliolala, wazee wetu waliotangulia, na mbuzi alie. Mbuzi akilia, wamempokea. Ndipo majirani nao wanaweza kumpa mkono.

Mkubwa wa nyumba ni wewe. Baba hayupo, baba zetu wadogo hawapo. Nilikupigia ukapokea, mara ya mwisho hiyo, ukasema, "Jumamosi nitakuwepo, dada, usiwe na wasiwasi." Nikaacha kuwa na wasiwasi. Nikapika pombe ya mtama. Mama akatoa mkuki wa baba kwenye kitambaa chake akaupaka mafuta. Nikaenda mwenyewe kwa mzee Dyantyi kumwomba aje aketi langoni petu, na unadhani ilikuwa rahisi? Alinisikiliza akiwa amenipa mgongo, anakarabati uzio, na mwisho akaniuliza, "Mncedisi atakuwepo?" Nikamwambia atakuwepo. Akasema, "Basi nitakuja. Mtu mwenye akili yake akiwepo, mtu anaweza kuzungumza." Ndivyo jina lako lilivyo hapa kijijini. Lilikuwa.

Jumamosi wanaume walikuja mapema wakakaa kwenye ukuta wa zizi. Tukasubiri. Basi la Cape Town lilipita barabara kuu, tukaliona likipunguza mwendo, mama akajifunga kitenge chake upya, basi likaenda zake. Jua lilipopanda ndipo ukaandika, "Kazi imenibana. Endeleeni tu." Maneno manne na jina lako. Nikalazimika kwenda mbele ya wanaume wote wale kusema kwamba mkubwa wa nyumba amebanwa.

Jumbe akauliza, "Amebanwa na mlango?" Watu wakacheka. Sikucheka.

Tata Khawulezile, mzee wa ng'ambo ya mto, akakubali kusimama badala yako, kwa kuwa ni mtu wa ukoo wetu ingawa wa mbali. Alifanya alivyoweza. Alimweka Zamuxolo upande wake wa kulia, akawaita wazee wa ukoo, Gcina na Tyhopho na waliofuata, akawaambia mtoto wao alikosa, ameadhibiwa, amerudi. Kisha mkuki wa baba ukamgusa mbuzi.

Mbuzi hakulia. Alimtazama Tata Khawulezile, akaendelea kutafuna.

Akaguswa tena. Kimya. Nilisikia mnong'ono ukitembea juu ya ukuta kutoka mtu hadi mtu. Mtu mmoja, simtaji kwa kuwa mkewe ndiye aliyebeba barua hii, akasema, "Hata mbuzi hamtaki." Mwingine akajibu, "Au naye ni wa kuibwa, anaogopa kupiga kelele." Hapo wakacheka kweli, wakipigana mabega. Zamuxolo alisimama tu mikono nyuma, kama walivyomfundisha huko.

Mncedisi, nataka uelewe nilichokiona pale. Niliiona Jumanne. Nilimwona Bi Ndarala akimuuliza jumbe, na jumbe akisema hata wazee wake wamemkataa, sisi ni nani. Nilimwona mdogo wetu akipanda gari na kifurushi chake, na mama akibaki asubuhi hana wa kumhesabu.

Tata Khawulezile akauweka mkuki chini. Akasema linalosemwa siku zote mbuzi akinyamaza: kuna mtu wa nyumba hii ana jambo moyoni, alitoe. Mimi ni binti wa nyumba, zizi la baba yangu siogopi kuliingia, nikapita mbele nikalitoa langu. Nikasema nina hasira na kaka wa huyu kijana, aliyetuahidi akatuacha tuaibike. Nilisema yote, na mengine ambayo karatasi haiwezi kuyabeba. Mbuzi akaguswa. Kimya.

"Na wewe, kijana?" akauliza Tata Khawulezile.

"Sina la kusema, Tata."

Ndipo mzee Dyantyi akasimama. Aliegemea fimbo yake. Akasema, "Nina swali. Niliuliza mahakamani wakaniambia halina uzito. Kondoo wangu wengine polisi waliwapata. Wengine waliuzwa, na waliowala nawajua, wamekwisha kuniomba radhi. Lakini yule dume wangu, mwenye pembe ya kushoto iliyovunjika, hakuna aliyewahi kuniambia aliishia wapi. Mama yake alikufa akimzaa. Nilimlea ndani ya nyumba, kwa chupa. Kijana, dume wangu alikwenda wapi?"

"Sijui, Tata."

"Hujui, au husemi?"

Zamuxolo akatazama chini. Na mimi, nikiwa nimesimama hatua chache kutoka kwake, nikaiona nyumba yako ya Kuils River, huko Cape Town.

Nikaona Pasaka ile niliyokuja. Nyuma, mahali mnapochomea nyama, kuna pembe kubwa ukutani, na wewe umesimama chini yake na glasi mkononi, unawaambia wageni wako, "Hizi ni za dume wa mwisho wa zizi la baba yangu. Mzee alinipa kwa mkono wake." Nilijua kondoo wa baba waliteketea wakati wa ukame, nikadhani alikupa kabla. Nilijisikia fahari, Mncedisi. Nilikula nyama yako nikijisikia fahari.

Nikasema, "Zamuxolo, zile pembe za kwa Mncedisi."

Akasema haraka, bila kuinua uso, "Dada, nyamaza."

Hilo "nyamaza" ndilo lililonijibu. Nikamgeukia mzee Dyantyi nikamwambia kuna pembe ukutani kwa mdogo wangu, na moja ni fupi. Akaniuliza ni ya upande gani na imekatwaje. Nikashindwa. Niliziona tu, sikuzichunguza. Wanaume wakaanza kuguna, na Tata Khawulezile akasema jambo kubwa namna hii halisemwi kwa kukisia.

Hapo ikatoka sauti upande wa jikoni. Mama. Unamjua mama, mke aliyeolewa katika nyumba hii tangu akiwa msichana, hajawahi hata siku moja kukaribia zizi wala kupaza sauti wanaume wakiwa wameketi. Alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta, ameshika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Ni ya kushoto," akasema. "Imekatwa kwa msumeno, ncha ikachomwa moto isipasuke. Chini yake pana kijishimo, kinaingia kidole gumba. Nilikuwa kwa Mncedisi kabla sijatibiwa macho, sioni kitu. Kila asubuhi nilikuwa nazifuta vumbi kwa kitambaa. Nikidhani namfuta vumbi mume wangu."

Mzee Dyantyi akarudi kuketi taratibu, kama mtu anayetafuta kiti gizani. Akasema, "Ndiye. Nilimchoma ncha mwenyewe."

Basi Zamuxolo akaongea. Sikumwambia aongee, wala sikumzuia. Alisema ulimpigia simu kwamba wakwe zako wanakuja kuiona nyumba mpya na huwezi kuwalisha nyama ya buchani kama mtu asiye na zizi kwao. Ukamwambia, "Nitafutie kondoo wa nyumbani, na usiniambie umewapataje." Dume alimchagua yeye, kwa sababu ya pembe, akitaka kukupendeza. Alipokamatwa ulikwenda kumwona mahabusu mara moja tu, ukamuuliza, "Ukinitaja na mimi nikafungwa, nani atamtibu mama macho?" Akaona una haki. Akanyamaza mbele ya hakimu, akanyamaza miaka yote ile, na angenyamaza Jumamosi ile mpaka arudishwe ndani.

Ulimtibu mama macho, kweli. Uliahidi ukatimiza, na mimi nilikusifu hapa kijijini kote kwa hilo. Sikujua kwamba Zamuxolo ndiye aliyelipa. Mama naye hakujua. Alisikia pale kwenye kona ya ukuta, akavua miwani yake akaitia mfukoni, na mpaka leo anaivaa pale tu anapotaka kusoma zaburi.

Tata Khawulezile akaokota mkuki. Sijui kama aliugusa mwili wa yule mbuzi au alimkaribia tu. Mbuzi alilia mpaka mbwa wa ng'ambo ya mto wakaitikia. Wewe mtu wa kompyuta utasema ni mbuzi tu, hulia anapotaka. Sawa. Mimi nilikuwepo, wewe ulikuwa umebanwa.

Wakampitisha Zamuxolo langoni. Akakalishwa kati ya wanaume, akapewa kipande cha kwanza cha nyama, na pombe akaonyeshwa tu kwa sababu ya masharti yake, kibuyu kikapita mbele ya uso wake kikaenda kwa mwingine. Hata yeye alitabasamu.

Jumbe akamuuliza mzee Dyantyi kama anataka polisi waambiwe juu yako. Mzee akafikiri. Akasema, "Polisi watanipa karatasi nyingine, nazo ninazo tele. Mwizi wangu nimemwona leo, amesimama mbele yangu. Mlaji wangu bado sijamwona." Ndiyo maneno yake, nimeyaandika kama alivyoyasema.

Usidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Jumatatu mzee Dyantyi alikuja getini akamwita Zamuxolo kwa jina. "Mikono yako bado inajua?" "Sijui, Tata." "Njoo tuone." Msimu wa kunyoa umeshika kasi, banda limejaa, na alipoingia waliokuwa wakinyoa karibu naye walihamisha magunia yao wakakaa mbali. Kwanza akapewa ufagio, azoe manyoya machafu yaliyogandana kinyesi. Akazoa mpaka mchana. Kisha mzee akamletea kondoo mmoja wa kwake mwenyewe, jike mzee mtulivu, akamwekea mkasi juu ya gunia.

Zamuxolo akamlaza, akaanza kunyoa. Alimkata kondoo kidogo tumboni, damu ikatoka, akaacha mkasi akasimama mikono nyuma akingojea kutukanwa. Mzee Dyantyi akasema, "Mpake dawa, endelea." Akampaka, akaendelea. Sufu haikutoka nzima. Ilitoka vipande viwili, na mzee akaipokea akaitupa kwenye meza ya kuchambulia pamoja na za wengine.

Jumanne Bi Ndarala alimkuta hapohapo bandani, amejaa mafuta ya sufu mpaka viwiko. Akamwita jumbe pembeni, nami nikawasogelea bila aibu. Akauliza, "Kijiji kinamkubali?" Jumbe akajibu, "Kijiji kinamwangalia." Bi Ndarala akasema hilo analiandika kama ndiyo. Kwa hiyo Zamuxolo anakaa. Hakuna mtu aliyemkumbatia, na juzi kuna waliohesabu kondoo wao mara mbili alipopita, lakini anakaa, na saa kumi na mbili jioni mimi mwenyewe ninafunga mlango.

Sasa nirudi kwako. Umekula, sawa, na umejisifu kwa pembe za watu, ni ujinga wa kijana aliyeoa kwenye mali. Ungeniambia ningekufokea yakaisha. Kinachoninyima usingizi ni ile simu ya Bi Ndarala. Aliyekubebea mzigo wako miaka yote ile alikuwa anaomba mahali pa kulala tu, katika nyumba ya baba yake, na wewe ukasema hana kwao. Sasa najua kwa nini. Uliogopa akiwa nje ataongea. Huyu kijana, Mncedisi, aliniambia ninyamaze huku gereza likimtazama usoni. Hukuwa na haja ya kumwogopa. Ungemfungulia mlango tu, siri yako ingezikwa naye.

Na mama umemfanya azifute vumbi. Hilo sijui nitalisamehe lini. Namwomba Mungu anipe moyo, maana wa kwangu haujafika huko.

Utakuja. Mzee Dyantyi amesema kabla msimu wa kunyoa haujaisha, na usipokuja atapanda basi yeye mwenyewe aje kuzichukua pembe zake mbele ya wageni wako, na mzee yule hatanii. Utazileta kwa mkono wako. Hutapitia mlango wa nyuma na gari lako. Utashuka barabarani, utalala chumba cha nje karibu na bustani ya mboga, utakula kwenye bakuli lako peke yako, lile alilotumia Zamuxolo, nimeliosha. Asubuhi utasimama langoni. Tata Khawulezile na wanaume wamekubaliana kwamba mpaka siku hiyo anayewataja waliolala katika zizi la baba ni mimi, binti wa nyumba, kwa hiyo atakayekusimamisha ni dada yako. Nitakusimamia vizuri. Nitakuweka upande wangu wa kulia.

Mbuzi wako nimeshamtenga. Mweupe, ana doa jeusi shingoni. Huyu analia hata akiguswa mkia, lakini usilitegemee hilo sana. Yule wa Zamuxolo naye alikuwa mpiga kelele siku zote, mpaka alipofika langoni.

Nisalimie Bongeka. Sina neno naye, kama hakujua. Kama alijua, aje na yeye. Wape salamu Lulama na Odwa, waambie shangazi yao anawakumbuka na amewawekea soksi za sufu. Wakwe zako pia wasalimie, waambie nyama waliyoisifu siku ile ilikuwa ya mzee Dyantyi wa Mgwalana, wakipata nafasi wamshukuru. Tata Khawulezile anakusalimu. Zamuxolo anakusalimu. Nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake, akafikiri sana akiwa ananoa mkasi, akasema, "Mwambie chumba cha nje kinavuja kwenye kona ya mlango, asogeze kitanda."

Mungu akufikishe salama, akulainishie moyo njiani, na waliolala wasikufungie lango ulilowafungia wengine.

Mimi dada yako, ninayekupenda bado na ninaona taabu kuandika neno hilo leo,

Nokhwezi

Nilikwisha kuikunja, mama akaniambia niifungue. Anasema usizisafishe pembe. Uzilete na vumbi lake kama zilivyo, atazifuta yeye mwenyewe, safari hii akizitazama, ndipo amrudishie mzee Dyantyi.